Mtu wa Kupotea wa Avenue Yetu

Jumatatu, tarehe 1 Desemba

Nimedharauliwa mbele ya watu. Tena watu wa avenue yangu mwenyewe!

Mkutano ulifanyika uani kwa jirani yangu Muhindo, kwa sababu yeye ndiye mwenye viti. Aliyetuita ni Mademoiselle Larissa, binti anayezunguka commune yetu ya Lubunga, hapa Kisangani, kufundisha watu namna ya kujikinga na mafuriko. Alisema mwezi huu mto unapanda, na mwaka huu umeanza mapema. Donc Jumamosi tutafanya zoezi. Tutajifanya maji yamekuja, na kila mtu atakuwa na kazi yake.

Alieleza vizuri, sikatai. Karatasi za nyumba na za watoto zifungwe ndani ya plastiki, zikae karibu na mlango. Umeme ukatwe kabla maji hayajafika. Watu wote wapande kwenye tuta la reli, ile ya kwenda Ubundu. Asiwepo mtu wa kukatiza maji yanayotembea, hata kama yanafika magotini tu. Asiwepo mtu wa kurudi nyumbani kufuata kitu alichosahau. Juu ya tuta majina yataitwa. Asiyeitika atatafutwa.

Nilikaa kiti cha mbele. Nilivaa koti. Nilijua kwamba mkuu wa waokoaji atapewa gilet, kile kizibao cha njano, na megafoni. Nani mwingine hapa anaelewa megafoni? Mimi ndiye ninayetengeneza redio za avenue nzima.

Wakampa Muhindo. Muuza misumari! Eti ana kamba, ana taa, na anafahamiana na Jeancy, mvuvi mwenye mtumbwi. Watu walipiga makofi. Mimi nikapewa kubeba godoro la mama mkwe wangu.

Ikabaki kazi moja ambayo hakuna aliyeitaka. Mtu wa kupotea. Huyo anajificha, jina lake linaitwa, haitiki, waokoaji wanakwenda kumtafuta. Watu wote waliangalia viatu vyao. Mama Kanyere, mke wa Muhindo, alisema kwamba kwao Butembo hakuna anayeyapa maji jina lake, hata kwa mchezo. Mademoiselle alicheka. Kisha akaacha, maana alikuwa anacheka peke yake.

Hapo akili yangu ikawaka. Mtu wa kupotea asipopatikana, aibu ni ya nani? Ya mkuu wa waokoaji. Na gilet itahitaji mgongo mwingine.

Nikasimama. Nikasema niko tayari kupotea.

Hakuna aliyepiga makofi.

Jumanne, tarehe 2 Desemba

Asubuhi nilikwenda na Mademoiselle kuchagua pa kujificha. Tulikubaliana kapela ya zamani iliyo mwisho wa avenue, nyuma ya altare. Alinipa filimbi. Nikiwa na shida yoyote nipulize, hata kama ni katikati ya zoezi. Nilimshukuru kwa adabu.

Kapela! Muhindo atanipata kabla sijakaa chini.

Alipoondoka nikashuka hadi kwenye kijito, kwenye ile depo ya kahawa iliyoachwa tangu zamani. Hapo watu hawapiti. Hakuna sababu. Hawapiti tu. Nusu ya paa imeanguka, lakini juu kuna sakafu ya mbao, na ngazi bado imesimama. Ndani kuna baridi ambayo nje haipo. Ukutani kuna mistari ya matope, mstari juu ya mstari, alama za mafuriko ya miaka mbalimbali. Mmoja uko juu ya kichwa changu. Niliutazama kwa muda. Nikasema vizuri sana, hapa Muhindo hatafika.

Kitu kimoja. Siafu walikuwa wanapanda ngazi, mchana kweupe, kila mmoja na yai jeupe mdomoni. Hawakuuma. Walinipisha, wakaendelea kupanda.

Nyumbani sikumwambia mke wangu Pélagie neno. Lakini mama yake, Mama Victoire, anayekaa nasi tangu alipotoka Ubundu, alikuwa amesikia habari za mkutano. Wakati wa kula alinitazama, akamwambia Pélagie kwamba Léopold alipenda sana mboga ya sombe.

Nilimsahihisha. Napenda, nilisema.

Alitikisa kichwa kwa huruma, akaniongezea.

Jumatano, tarehe 3 Desemba

Shimo la takataka uani limejaa maji. Mvua haijanyesha tangu Jumapili. Maji yenyewe ni safi, baridi, yametulia kama mtu aliyefika mapema akaambiwa asubiri. Mademoiselle alipita, akayaangalia, akasema hivyo ndivyo yanavyoanza. Yanakuja kwanza kwa chini. Aliniagiza niinue redio za wateja, niziweke juu ya kabati. Nimesema nitaziinua baada ya Jumamosi. Mtu hawezi kufanya mambo mawili.

Pélagie ameshafunga karatasi zote ndani ya plastiki. Hata cheti chetu cha ndoa. Nilimuuliza kwa nini haraka hivyo. Akasema vyura hawalii tena.

Nilisikiliza. Kweli. Kijito kizima, kimya.

Mchana Muhindo alifanya mazoezi ya kurusha kamba. Aliilenga kwenye kiti. Aliikosa. Akailenga tena, akampata mbuzi. Nilifurahi sana, nikamwambia anaendelea vizuri. Akanifuata hadi ukutani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama najua kuogelea. Nikamjibu kwamba mimi nilizaliwa ndani ya maji.

Sijui kuogelea. Lakini hilo linamhusu nini?

Alhamisi, tarehe 4 Desemba

Picha yangu imebandikwa! Ukutani kwa Muhindo, kwenye kapela, na kwenye mti wa kona. ANATAFUTWA, PAPA LÉOPOLD. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, wameandika kwamba ni zoezi. Herufi hizo hakuna anayezisoma.

Mwanzoni nilifurahia. Mtu ambaye picha yake iko kona tatu si mtu mdogo.

Kisha nikaenda kununua mkate. Mama anayeuza hakuniwekea mkononi. Aliuweka chini, juu ya jiwe, akarudi nyuma, akangoja niuchukue. Nilichukua toleka ili nirudi nyumbani haraka. Kijana alinipakia nyuma ya baiskeli yake, tukaenda kidogo, akasimama. Akageuka kuniangalia. Tukaenda tena, akasimama tena. Nilimuuliza kuna nini. Akasema hasikii uzito. Kila mara anadhani nimeshuka.

Nilishuka kweli, nikatembea.

Jioni ilipoanza kuingia, ndugu mmoja wa mama mkwe alipiga simu kutoka Ubundu kumpa Pélagie pole. Habari zilikuwa zimefika huko kwamba maji yamenichukua. Pélagie akanipa simu niongee naye mwenyewe. Nikasema halo. Akakata. Tukapiga, hakupokea tena.

Nilipita kuiangalia ile picha ya kona. Ukungu umelowesha wino, umechuruzika. Nakumbuka vizuri kwamba Mademoiselle aliponipiga picha nilikuwa nimefumba macho, hata aliniomba radhi. Sasa yanaonekana wazi. Tena hayaangalii mbele. Yanaangalia kijitoni.

Bon. Wino ni wino.

Ijumaa, tarehe 5 Desemba

Maporomoko ya mto yamenyamaza.

Nilizaliwa nikiyasikia. Nimeoa nikiyasikia. Sauti hiyo ukiwa Kisangani huisikii tena, kama vile mtu asivyosikia pumzi yake. Leo asubuhi nimeamka nikadhani masikio yangu yameziba. Pélagie alikuwa amesimama mlangoni, naye anasikiliza. Kila nyumba mtu alikuwa mlangoni, ameinamisha kichwa. Jeancy alipanda kutoka mtoni amebeba nyavu zake zote, akatueleza kwamba maji yamekuwa mengi hadi yameyafunika mawe. Hayana pa kuangukia tena. Yanapita tu, bila kusema.

Mademoiselle alikuja mbio. Alisema kesho si mchezo tena. Atakayepanda kwenye tuta apande na vitu vyake, huenda tukalala huko. Kisha akanivuta pembeni.

"Papa Léopold, ile kazi yako imekufa," akasema. "Kesho usijifiche. Panda na wengine, uitike jina."

Nilikubali. Niliinamisha kichwa kama mtu mwenye akili.

Lakini nilipopita kwa Muhindo nilimkuta amevaa gilet mbele ya kioo cha dukani. Alikuwa ameipiga pasi! Ameshika megafoni, anafanya mazoezi ya kuita majina. Alipofika langu, alilisema taratibu, kwa upole, mara mbili. Kwa nini jina langu tu mara mbili? Huo si upole. Huo ni utawala.

Nimeamua. Nitapotea, ruhusa au bila ruhusa. Kwa saa chache tu. Filimbi nimeiacha kwenye mfuko wa koti, na koti nimelitundika msumarini, nisije nikashawishika kuipuliza.

Jumapili, tarehe 7 Desemba

Jana sikuandika. Jana sikuwa na mahali pakavu pa kuweka mkono.

Nitaandika kwa utaratibu.

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa mzito kuliko nilivyowahi kuuona. Ukinyoosha mkono, vidole vinakwenda zao. Watu walipanda kwenye tuta wakishikana nguo. Nilibeba godoro la Mama Victoire hadi juu, nikaliweka chini, nikamwambia shemeji yangu Eddy, mdogo wake Pélagie, kwamba nimesahau karatasi za nyumba. Eddy akasema karatasi anazo Pélagie. Nikasema ni karatasi nyingine. Nikashuka.

Avenue ilikuwa tupu. Milango yote imefungwa. Kwenye shimo la takataka maji yalikuwa yamefika ukingoni, hayamwagiki, yamejaa tu kama jicho. Nikakimbia hadi depo, nikapanda ngazi, nikakaa kwenye sakafu ya mbao karibu na dirisha lisilo na kioo. Siafu wote walikuwa huko juu, wameshikana kwenye kona, donge kubwa kama kichwa. Hawakusogea.

Ukungu huleta sauti karibu. Nilisikia megafoni kama niko kwenye tuta. Muhindo akaita mke wake, akaitika. Akaita Pélagie, akaitika. Akaita Mama Victoire, akaitika kwa sala. Nilianza kucheka ndani ya shati.

Akaita: "Papa Léopold."

Kimya. Kimya kizuri! Nikajua watu wanatazamana sasa.

Akaita tena: "Papa Léopold."

Hapo mtu alikohoa. Mara mbili, kavu, fupi. Mimi nina kikohozi hicho, cha moshi wa kulehemu redio, nakijua kama ninavyoujua mkono wangu. Kisha sauti ikasema: "Niko hapa."

Ilikuwa sauti yangu.

Nilijishika mdomo. Mdomo ulikuwa umefungwa. Nikasikia watu wanashusha pumzi, mtu akacheka, Muhindo akasema asante kwa megafoni, akaendelea na jina lililofuata.

Kwanza nilikasirika. Nani ameniibia kupotea kwangu? Kisha hasira ikaisha, na kitu kilichobaki baada ya hasira sikukipenda. Nikaamua kurudi tutani mara moja, nione ni nani amesimama mahali pangu.

Nikashika ngazi. Chini hapakuwa na chini.

Maji hayakuingia kwa mlango. Hayakuvunja kitu. Yalipanda kutoka kwenye sakafu yenyewe, ya rangi ya chai, bila sauti, na yalikuwa yameshakula nusu ya ngazi. Nikashusha mguu. Ubao ukakatika, nikaanguka hadi kifuani, nikagusa kitu laini, sitaki kujua ni nini. Nikajivuta juu kwa kucha. Ngazi iliyobaki ikajilaza juu ya maji, ikatoka mlangoni polepole kama mgeni anayeaga.

Nikapiga kelele. Nilipiga kelele bila aibu yoyote. Nikasema niko hapa, ni mimi, ni Léopold.

Kutoka kwenye tuta sauti ya mwanamke ikanijibu kwa furaha kwamba wamenisikia, nisiwe na haraka, nikae kwenye mstari kama wengine, chakula kitafika.

Nikapiga kelele tena. Wakacheka. Wakasema Papa Léopold na tumbo lake.

Basi nilikaa. Ukungu ulikuwa mweupe, maji yalikuwa ya chai, na kati yao vitu vilipita. Dawati la shule. Sufuria. Mlango mzima ulipita ukielea, juu yake kuku amesimama, akaniangalia kama abiria anavyomwangalia mtu aliyeachwa kituoni. Maji yalifika mstari wa kwanza wa matope ukutani. Yakafika wa pili. Sikuona yakipanda. Kila nilipoangalia yalikuwa yametulia, na kila nilipoangalia tena yalikuwa juu zaidi.

Kisha ikatokea sauti moja nzito upande wa kapela, kama gunia linaloangushwa. Baada yake, hakuna kitu. Nikajua ni ukuta wa nyuma, ule wa altare.

Mchana mvua ikaja, ukungu ukapungua kidogo, na nikasikia jina langu. Megafoni ya Muhindo. Betri yake ilikuwa inakufa, betri niliyomuuzia mimi, sauti ikawa inakwaruza kama inatoka ndani ya kopo. Papa Léopold. Papa Léopold.

Sikuitika mara ya kwanza. Niliogopa kwamba kitu kingine kitaitika kabla yangu.

Nilisubiri. Hakuna aliyekohoa. Nikaita.

Mtumbwi ukatokea. Jeancy nyuma na kasia, Muhindo mbele, gilet imechanika. Alinyanyua uso akanitazama pale dirishani, lakini hakurusha kamba. Alinitazama tu. Jeancy naye alikuwa ameshika kasia, tayari kurudi nyuma.

"Tournevis yangu iko wapi?" Muhindo akaniuliza.

Niliazima tournevis, bisibisi yake, mwaka jana. Nimemwambia mara nyingi kwamba nilishairudisha.

"Iko kwangu," nikasema. "Ndani ya sanduku. Sikuirudisha."

Hapo ndipo uso wake ulipolegea. Akamwambia Jeancy: "Iko yeye." Akarusha kamba. Akaikosa. Akarusha tena, ikampata Jeancy. Mara ya tatu ikanifikia.

Ndani ya mtumbwi niliona mkono wa Muhindo umefungwa kwa kitambaa, damu imepita. Jeancy ndiye aliyenieleza. Walikuwa wamekwenda kwanza kapelani, maana Mademoiselle aliwaambia ndipo nilipotakiwa kujificha. Walikuta ukuta umelala. Muhindo aliingia majini, akawa anavuta mbao na matofali kwa mikono, akiita jina langu chini ya vifusi. Alikataa kutoka. Jeancy ilibidi amshike kiuno. Walikuwa wanarudi tutani kumwambia Pélagie wakaamua kupita depo, kwa kujaribu tu.

Nilitaka kusema kitu. Nikasema gilet inashonwa.

Juu ya tuta watu walinipisha njia pana. Pélagie alikuwa amesimama chini ya turubai, ameshika sahani. Alinieleza bila kupaza sauti. Baada ya majina kuitwa aliniona nimesimama nyuma ya mama yake, nimempa mgongo, koti langu limelowa. Akapakua chakula, akaniletea. Akaniita. Nikaenda nyuma ya turubai. Akanifuata huko, hakukuta mtu. Kila aliyemuuliza alisema amenipita sasa hivi. Hapo akaenda kwa Muhindo, akamwambia amtafute mume wake, maana huyu aliyeko hapa hali chakula.

"Ungekufa, Léopold," akasema. "Ungekufa, na mimi niko napanga mustari juu ya chakula yako."

Akaniwekea sahani mkononi. Akakaa chini akanipa mgongo, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Sijawahi kuona mabega ya Pélagie yanatikisika.

Ndipo Eddy akajitokeza. Amevaa koti langu! Alikiri mbele ya watu wote. Alilichukua msumarini asubuhi kwa sababu ya baridi. Jina langu lilipoitwa na mimi sipo, Mama Victoire alianza kulia kilio cha msiba. Eddy anajua kuiga sauti yangu, huwa ananiiga sana nisipokuwepo. Akaitika ili mama anyamaze, akijua nitarudi sasa hivi na zile karatasi. Baadaye Pélagie alipomfuata na sahani akaona haya, akajificha kati ya magunia. Aliomba radhi.

Watu wakaanza kupumua. Hata Mademoiselle akacheka kidogo. Nami nikamwambia Eddy kwamba kuiga ni sawa, lakini ni dharau kubwa kumwigiza mtu hadi kikohozi chake.

Eddy akanitazama.

"Shemeji, miye sikukohoa," akasema.

Mama Kanyere alisema walikisikia wote. Muhindo akasema yeye alikisikia karibu sana, kama mtu aliye nyuma yake. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Nyuma yake tuta linaishia, na baada ya tuta ni maji.

Jumatatu, tarehe 8 Desemba

Bado tuko kwenye reli. Maji yamefika kwenye madirisha ya avenue yetu. Kutoka hapa naona paa la nyumba yangu, linaelea kama halina nyumba. Redio zote za wateja zimekufa. Kama mtu angenionya kwa nguvu zaidi, ningeziinua.

Mama Victoire hakunisalimia hadi nilipolamba chumvi mbele yake, eti wafu hawali chumvi. Alinitazama koo nikimeza. Kisha akasema bon, akanipa mkono, lakini wa kushoto.

Watu wanachemsha maji ya kunywa kama tulivyofundishwa. Mademoiselle anaita majina asubuhi na jioni. Likifika langu, watu wote wananyamaza, hata watoto wachanga. Naitika kwa sauti kubwa, haraka, nikiwa nimesimama. Kisha tunasubiri kidogo, sote pamoja, bila kuambiana tunasubiri nini.

Alhamisi, tarehe 11 Desemba

Maji yanashuka. Maporomoko yameanza tena kusema, kwa mbali, kama mtu anayeamka.

Avenue yetu haikumpoteza mtu. Mademoiselle ametusifu. Alisema ni kwa sababu tulipanda mapema, na kwa sababu majina yaliitwa. Muhindo akapigiwa makofi marefu. Akasimama pale, mkono wake kwenye bandeji, akaangalia chini. Ujanja huo wa kuangalia chini naujua.

Walipokuwa wanambadilishia bandeji alinipa gilet nimshikie. Niliivaa, ili isichafuke. Inanikaa vizuri sana mabegani. Pélagie akanivua.

Kuna watu wamekuja kutoka avenue za juu kuangalia kapela iliyoanguka. Nimewaeleza kwamba mimi niliujua ule ukuta. Niliuona tangu Jumanne kwamba utalala, ndiyo maana nikachagua depo. Kuchagua depo ilikuwa hekima. Wawili waliniamini, mmoja akaniuliza kama naweza kuja kuangalia ukuta wake. Muhindo alikuwa amesimama karibu, alisikia yote. Nilingoja anipinge. Akaniuliza tu kwa upole lini atapata tournevis.

Kitu kingine. Pélagie anasema tangu Jumamosi ile sijakohoa hata mara moja. Nimejaribu leo, nikiwa peke yangu. Hakitoki. Sijui kimekwenda wapi, wala na nani.

Afya imerudi. Nashukuru.

Jumapili, tarehe 14 Desemba

Tumerudi nyumbani. Matope hadi kwenye kitanda. Pélagie anasukuma maji kwa ufagio tangu asubuhi, mimi nafikiri.

Habari kubwa! Mwezi ujao litafanyika zoezi la commune nzima, na waokoaji kutoka kila avenue. Muhindo ndiye atakayewaongoza wote. Wote! Wanatafuta tena mtu wa kupotea. Mademoiselle alikuja mwenyewe kuniambia kwamba jina langu halitaandikwa, asubuhi wala jioni, kwa sharti lolote. Nilimwambia sikuwa hata na mawazo hayo. Nimeona kwa macho yangu kwamba jina si kitu cha kuchezea. Niliapa, mkono kifuani. Pélagie aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile kama mtu anayeanza kusamehe.

Baada ya misa nilipita ofisi ya commune. Anayeandikisha ni binti mgeni, Benie, hajui mtu hata mmoja huku Lubunga. Alifurahi sana kumpata mtu wa kujitolea. Akaniuliza jina.

Nimempa la Muhindo.

Hesabu yangu ni safi. Kama aliyepotea ni Muhindo, mwenye kutafuta hawezi kuwa Muhindo. Mtu hajitafuti mwenyewe. Gilet itabaki bila mwenyewe, na mimi nitakuwa nimesimama karibu, kwa bahati. Na kama kuna kitu huko majini kinachopenda kuitika majina ya watu, kitaitika la Muhindo, si langu. Nani ataumia?

Kwa kuwa Muhindo mwenyewe hatajua kwamba amepotea, itabidi nijifiche mimi, dakika chache za mwanzo tu, kabla ya kutokea. Mahali nimeshapata. Nimepita leo mchana kupaangalia, ni pazuri, pakavu, hapana ngazi ya kukatika wala ukuta wa kuanguka.

Chini ya daraja la kijito.